Kufunga Kipoza Oili kwenye Gari Linalotumika Malindi

Gari la Malindi huishi maisha mawili. Siku za kazi huenda sokoni, shuleni na ufuoni, safari za dakika kumi ambazo injini huzimwa kabla haijashika moto vizuri. Kisha Jumamosi hupakiwa watu saba na maboksi ya maji, likaelekezwa magharibi kupitia Kakuyuni hadi lango la Sala la mbuga ya Tsavo Mashariki, zaidi ya kilomita 100, kiyoyozi kikivuma, mchanga wa njia za vumbi ukiyashika magurudumu, na jua la kaskazi likiwa utosini. Maisha hayo ya pili ndiyo yanayowafanya watu waulizie kipoza oili. Ya kwanza ndiyo yanayoamua kifungwe namna gani, na ndiyo yanayosahauliwa.

Mafundi wa mjini hukiita oili kula, kutokana na Kiingereza oil cooler, na mtani mmoja wa gereji hudai kwamba jina hilo ni onyo la haki, kwa kuwa kikifungwa vibaya hula oili kweli. Katika maelezo haya nitakiita kipoza oili: ni rejeta ndogo ambayo ndani yake hupita oili badala ya maji, ikiunganishwa na injini kwa mipira miwili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi.

Kazi ya oili si kulainisha tu. Maji ya rejeta huzunguka katika kuta za silinda na katika hedi, yaani kichwa cha injini, lakini hayafiki kwenye beringi za krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwenye pini za pistoni wala chini ya pistoni zenyewe. Huko joto huchukuliwa na oili na kuteremshwa hadi kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, ambako hewa inayopita chini ya gari hulipunguza. Injini yenye afya huendesha oili yake kati ya nyuzi joto 90 na 110 za Selsiasi hivi. Ikifika 120 kwa muda mfupi, gari likiwa katika mchanga au likivuta boti kutoka ufuoni, si msiba, hasa ikiwa oili ni ya sinthetiki. Ikikaa 130 na kuendelea kupanda, utando unaotenganisha chuma na chuma huwa mwembamba mno, na oili yenyewe huanza kuoza kwa joto na kuacha masizi mazito kama lami. Kwa makadirio ya wanaoshughulika na vilainishi, kila nyuzi 10 zinazozidi kiwango cha kawaida hupunguza maisha ya oili kwa karibu nusu.

Upande wa pili wa mambo hauzungumzwi sana katika mji wa joto kama wetu. Oili isiyofika hata nyuzi 80 haifukuzi unyevu uliomo ndani ya injini, na hewa ya Pwani ina unyevu wa kutosha, mbali na ule unaozaliwa na petroli yenyewe inapoungua. Ukifungua kifuniko cha oili cha gari la safari fupi ukaona povu zito lenye rangi ya tui la nazi limeganda upande wa ndani, basi umeuona unyevu huo. Kipoza kinachopoza wakati wote, asubuhi na jioni, penye haja na pasipo haja, huongeza ugonjwa huo.

Geji kabla ya kipoza

Geji iliyo kwenye dashibodi hupima maji, si oili, na vitu hivi viwili havipandi pamoja. Sindano ya maji yaweza kutulia katikati, pale pale inapotulia kila siku, huku oili ikiwa imefika nyuzi 130, kwa sababu maji yana rejeta, feni na themostati, yaani mlango unaofunguka kwa joto, ilhali sampu haina mtetezi ila upepo. Kwa hiyo ninashauri, na katika hili sina mjadala, kwamba fedha za kwanza zinunue geji ya joto la oili pamoja na sensa yake. Sensa huweza kufungwa mahali pa nati ya kumwagia oili, ikiwa umepata nati iliyotobolewa kwa kazi hiyo, na baadaye ikahamishiwa kwenye kisahani cha kipoza, nitakachokieleza mbele, ambacho mara nyingi huwa na tundu lililotengwa kwa ajili yake. Kipimajoto cha kuelekeza kama bastola si badala ya geji: vile vilivyozagaa wakati wa korona kwa kupima paji la uso havifiki joto la injini kabisa, na vile vya mafundi, ingawa hufika, hupima ngozi ya sampu, si oili iliyo ndani, na husoma chini ya hali halisi.

Ukishafunga geji, endesha njia ile ile unayoilalamikia, kwa mzigo ule ule na saa ile ile ya mchana, kisha andika unachokiona. Mimi mwenyewe niliwahi kuamini kwa moyo wote kwamba gari langu lilihitaji kipoza, kwa sababu kila nilipotoka Marafa lilikuwa likinuka joto. Geji ilinionyesha 108, nami nikaona haya. Mkosaji alikuwa rejeta, ambayo mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kupitishia hewa, yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu na mbegu za nyasi upande wa nyuma ya kondensa ya kiyoyozi, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ufungue bampa. Kazi ya asubuhi moja kwa brashi laini na maji ya bomba ilimaliza tatizo, bila kipoza.

Kama sindano ya maji nayo inapanda, basi anza na maji: rejeta, feni, pampu, kifuniko cha rejeta na themostati. Kipoza oili hakitibu ugonjwa wa maji. Huuficha tu kwa muda. Na ikiwa gari lako ni miongoni mwa yale yaliyong'olewa themostati ya maji kwa hoja kwamba Pwani kuna joto la kutosha, irudishe kwanza. Hoja hiyo nimeisikia tangu utotoni, na sijaona injini hata moja iliyonufaika nayo.

Lakini kama maji yametulia na oili inavuka 120 kila safari ya mzigo, endelea kusoma.

Kuchagua na kununua

Vipoza ni vya namna mbili. Kuna kile kinachopozwa na maji ya rejeta, ambacho hukaa kati ya filta na injini, na kuna kile kinachopozwa na hewa, ambacho hukaa mbele ya gari. Injini nyingi za dizeli za magari ya mizigo na ya safari hutoka kiwandani zikiwa na kile cha maji, kwa hiyo chunguza kwanza ulicho nacho kabla ya kuongeza kingine. Kile cha maji kina faida kubwa moja: oili hupata moto haraka asubuhi kwa sababu maji hupata moto mapema zaidi. Kasoro yake ni kwamba pete zake zikichoka, oili, ambayo ina nguvu zaidi injini ikiwaka, huingia kwenye maji, na injini ikizimwa maji huweza kuingia kwenye oili. Maelezo haya yanahusu kile cha hewa, kwa kuwa ndicho kinachoongezwa na mwenye gari.

Vipoza vizuri vya hewa ni vile vya sahani zilizopangwa safu juu ya safu. Kwa injini ya lita 2 kushuka chini, safu 13 zinatosha. Kwa injini kubwa zaidi, 16 hadi 19. Usidanganywe na ukubwa. Kipoza kikubwa kupita kiasi huziba hewa ya rejeta, huongeza njia ya oili na huchelewesha injini kupata moto, na unachotafuta si oili ya baridi bali oili iliyoshuka nyuzi 10 hadi 20 wakati wa shida.

Kisha kuna kisahani cha kati, ambacho mafundi hukiita sandwichi kwa sababu hubanwa baina ya injini na filta. Nunua chenye themostati ndani yake. Themostati hiyo huanza kufungua karibu na nyuzi 80, nayo, kabla ya hapo, huiachia oili kidogo tu ipite kwenye kipoza ili kisikae na hewa, huku sehemu kubwa ikirudi moja kwa moja kwenye injini. Hicho ndicho kiungo kinachoyapatanisha yale maisha mawili ya gari, na ndicho ambacho wauzaji watakwambia huku kwetu hakina kazi. Ukitaka kuwa na hakika kwamba kinafanya kazi, kitumbukize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe maji polepole na uangalie kijiti cha ndani kikisogea. Tumia sufuria ambayo haitarudi jikoni.

Uzi wa kisahani, yaani meno ya kufungia, lazima ulingane na uzi wa filta yako. Magari mengi madogo ya Toyota hutumia uzi wa robo tatu ya inchi, meno 16 kwa inchi, na yale mengi ya Honda na Mitsubishi hutumia milimita 20 kwa hatua ya milimita 1.5 kati ya meno. Tofauti yake haionekani kwa macho, na uzi usio wake huingia mizunguko miwili kabla ya kukwama, na wakati huo umekwisha kuharibu. Chukua filta mpya ya gari lako hadi dukani, uijaribu kwenye boliti ya kisahani kwa vidole tu. Pima vilevile nafasi: kisahani huisukuma filta mbele kwa sentimita tatu hadi tano, na kwenye baadhi ya magari nafasi hiyo haipo.

Mipira ndiyo sehemu ninayotaka kuikalia. Viungio vya aina ya AN, kipimo cha Kimarekani cha viungio vya mipira, namba 10, ambavyo tundu la mpira wake ni karibu milimita 14, vinatosha kwa injini nyingi. Namba 8 kwa injini ndogo. Mpira uwe umetengenezwa kwa ajili ya oili ya moto, wala usiwe wa maji, wa petroli au wa gesi, kwa sababu injini ikiwashwa ikiwa baridi nguvu ya oili huweza kupita baa 6, na mpira wa maji hupasuka au hulainika ndani na kuanza kumeguka vipande. Wengi hukimbilia mpira uliosukwa kwa nyuzi za chuma kwa sababu unang'aa. Unafaa, lakini msuko huo hukata kila unachokigusa kama msumeno, na ufa wa ndani hauonekani. Njia nyingine ni kwenda kwa mafundi wa mipira ya haidroliki, wale wanaowahudumia wenye matrekta, wakakukatia mpira na kuubana vichwa kwa mashine. Kazi yao ni imara, ila soma joto lililoandikwa ubavuni mwa mpira: mipira mingi ya haidroliki imepimwa kwa nyuzi 100 tu, nawe unahitaji 125 au zaidi.

Kuhusu kipoza kilichotumika, kile kinachotoka kwenye magari yaliyovunjwa Dubai au Japani, nitasema neno moja. Injini ikisaga beringi, vipande vya chuma husafiri na oili na kukaa ndani ya kipoza, katikati ya mapezi ya ndani, ambako hakuna petroli wala upepo wa kompresa unaoweza kuvitoa vyote. Kipoza cha injini usiyojua ilikufaje ni kaburi linalosubiri kufunguliwa ndani ya injini yako. Nunua kipya.

Mahali pa kukifunga

Mahali pazuri ni nyuma ya grili, mbele au kando ya rejeta, penye upepo wa moja kwa moja. Kikikaa mbele ya rejeta au kondensa, acha nafasi ya sentimita moja na nusu hivi ili mapezi yasisuguane, na jua kwamba joto unalolitoa kwenye oili litaingia kwenye rejeta iliyo nyuma yake. Ndiyo sababu rejeta iliyokwisha kuchoka haitakushukuru.

Historia ina mfano mzuri wa jambo hili. Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Coronation Safari (Safari Rally ya leo) hapa Afrika Mashariki mwaka 1954, halikuwa na maji ya kupoza injini kabisa, kwa hiyo lilitoka kiwandani likiwa na kipoza oili. Kwa miaka mingi kipoza hicho kilisimama ndani ya nyumba ya feni, juu ya silinda namba tatu, nacho kiliifunika silinda hiyo isipate hewa ya kutosha. Mafundi waliijua silinda namba tatu kwa jina baya. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waundaji walikihamishia kwenye kijumba chake cha pembeni. Kipoza chako nacho kitapoza oili na huku kikikinyima hewa kitu kingine, kwa hiyo baada ya kukifunga angalia geji zote mbili.

Matundu ya mipira yaelekee juu au pembeni. Yakielekea chini, hewa hukwama katika safu za juu na sehemu ya kipoza haifanyi kazi. Kishikilie kwa mabano ya chuma kwenye mwili wa gari, si kwenye mapezi ya rejeta kwa vile vijiti vya plastiki vinavyopitishwa katikati, kwa kuwa barabara ya mawimbi huvigeuza vijiti hivyo kuwa misumeno. Weka vipande vya mpira kati ya bano na kipoza. Na kwa kuwa tuko Pwani: boliti za chuma kisichoshika kutu zinazogusa aluminiamu, penye upepo wa chumvi, humla aluminiamu polepole, kwa hiyo weka washa ya plastiki au ya mpira baina yao na upake grisi.

Kufunga kwenyewe

Gari liegeshwe mahali penye ardhi ngumu. Kwa wale ambao ua wao ni mchanga, yaani wengi wetu, tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Jeki huzama polepole bila sauti, na hakuna anayepaswa kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Injini iwe vuguvugu, si ya moto, ili oili iteremke vizuri bila kukuunguza. Ondoa waya hasi wa betri. Mwaga oili, fungua filta, na hapo utulie: tazama kama pete ya mpira ya filta ya zamani imetoka nayo au imeganda kwenye injini. Pete mbili zikikaliana, oili yote humwagika ndani ya dakika moja ya kuwasha.

Futa uso wa injini mpaka ung'ae. Paka oili safi kwenye pete ya kisahani, kiweke, geuza matundu yake yaelekee upande ambao mipira itapita bila kupindwa kwa nguvu, kisha kaza boliti ya katikati kwa kiasi kilichoandikwa na mtengenezaji. Boliti hiyo ina tundu ndani na huingia kwenye uzi wa injini ambao mara nyingi ni aluminiamu. Mkono mzito wa kijana mwenye spana ndefu huweza kuugharimu mwili mzima wa injini. Filta mpya huingia juu ya kisahani, pete yake ikiwa imepakwa oili, kwa mkono tu, na baada ya pete kugusa huongezewa robo tatu ya mzunguko.

Funga kipoza mahali pake, kisha pima mipira kwa kamba kabla ya kukata. Kamba ifuate njia yenyewe, na uongeze kidogo, kwa sababu injini hucheza juu ya vishikizo vyake na mpira uliovutwa kama uzi wa gambusi utang'oa kitu. Funga tepu mahali pa kukatia, kata kwa msumeno wa meno madogo, kisha osha ndani ya mpira na upulize. Katika visahani vingi oili hutoka kwanza kwenda kwenye kipoza, hurudi ikapita kwenye filta, ndipo iingie injini, kwa hiyo uchafu wa mpira hukamatwa. Lakini filta ina mlango wa dharura unaofunguka oili ikiwa nzito, na uchafu hupitia hapo.

Viungio vya AN hubana kwa koni ya digrii 37, chuma kwa chuma. Tone la oili kwenye uzi linatosha. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haina kazi hapo, na ikimeguka huenda kuziba njia za oili. Unapokaza kwenye shingo ya kipoza, tumia spana mbili, moja ikishika shingo na nyingine ikigeuza kiungio. Shingo ya aluminiamu hupinduka kama kifuniko cha kopo.

Njia ya mipira ni jambo la uhai. Iwe mbali na manifoldi na bomba la eksozi kwa upana wa kiganja au zaidi, na pasipowezekana iwekewe ngao ya bati na soksi ya kuzuia joto, kwa kuwa oili inayonyunyiza juu ya eksozi nyekundu huwaka. Iwe mbali na feni, mikanda na magurudumu yanapokatwa hadi mwisho. Ishikiliwe kwa vibano vyenye mpira ndani, kila sentimita 30 hivi. Mimi nilikosa kibano kimoja. Mpira ulikuwa ukigusa ncha ya bano la bampa kidogo sana, kiasi cha karatasi, nami nikajiambia kwamba nitarudi kuurekebisha. Nilikuwa nimeipita Kakuyuni kidogo taa nyekundu ya oili ilipowaka. Nilizima injini gari likiwa bado linatembea, na hilo peke yake ndilo lililoiokoa. Chini ya gari mchanga ulikuwa umegandamana na oili unene wa kidole, na safari ikaishia kwenye kamba ya kuvutwa. Taa hiyo ikiwaka huna dakika, una sekunde.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Jaza kipoza oili kupitia mpira wa juu kabla ya kuufunga wa mwisho, ili pampu isianze kwa kusukuma hewa. Jaza injini kiasi chake cha kawaida. Kisha rudisha waya wa betri na uzungushe injini bila kuiwasha: kwa petroli, ondoa fyuzi ya pampu ya petroli, kwa dizeli, chomoa waya wa kikata mafuta. Zungusha kwa sekunde zisizozidi kumi, pumzisha stata nusu dakika, rudia, mpaka taa ya oili izime au geji ya nguvu ipande. Hapo ndipo urudishe fyuzi na uwashe.

Iache ikinguruma taratibu, usikanyage. Lala ubavuni na kurunzi, upitie kila kiungio kwa kitambaa cheupe au kipande cha karatasi, kwa kuwa tone jipya la oili safi halionekani kwa macho lakini huonekana kwenye karatasi. Injini ikipata moto, gusa mipira kwa tahadhari: mwanzoni itakuwa ya uvuguvugu tu, na oili ikivuka nyuzi 80 na kitu mpira wa kwenda utapata moto ghafla, ukifuatwa na ule wa kurudi. Hiyo ndiyo themostati ikifungua. Kama mipira yote miwili imepata moto tangu dakika ya kwanza, themostati imekwama wazi. Kama haipati moto kabisa huku geji ikisoma 100, imekwama ikiwa imefungwa, au kuna mpira uliokunjika.

Zima, subiri dakika kumi, kisha pima kwa kijiti. Kipoza na mipira hunywa kati ya nusu lita na lita moja, nawe utaongeza kidogo kidogo mpaka alama ya juu, wala usiivuke. Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu, na povu halilainishi kitu. Andika kiasi kipya kwenye karatasi uibandike ndani ya boneti, ili fundi atakayebadilisha oili siku za usoni asipungukiwe.

Oili ya zamani itiwe kwenye dumu lenye kifuniko. Wajenzi huihitaji kwa kupaka boriti dhidi ya mchwa, na gereji kubwa huipokea. Kuimwaga uani ni kuimwaga kisimani, kwa kuwa visima vyetu ni vifupi.

Safari ya kwanza iwe ya karibu, Watamu au Mambrui, kisha rudi ulale chini ya gari tena. Baada ya hapo rudia ile njia uliyoipima mwanzo, kwa mzigo ule ule. Kama oili ilikuwa 125 na sasa inatulia 105 hadi 110, kazi imekamilika. Kama imeshuka lakini maji sasa yanapanda, kipoza kinaifunika rejeta na kisogezwe kando. Kama inashuka ukiwa kwenye lami kuelekea Mombasa lakini inapanda mchangani, kinachokosekana ni upepo, kwa kuwa katika mwendo wa kilomita 20 kwa saa, upepo wa kusi ukikufuata kisogoni, hakuna hewa inayopita kwenye grili. Hapo fungia feni ndogo ya umeme nyuma ya kipoza, yenye rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake, inayowashwa na swichi ya joto ya nyuzi 95 hivi.

Matunzo ni mepesi ila yawe ya mara kwa mara. Kaza upya mabano baada ya kilomita 500 za kwanza, lakini viungio vya AN viguse tu ikiwa vinavuja. Katika miezi ya kaskazi, na kila baada ya gari kushuka ufuoni, suuza kipoza kwa maji ya bomba yanayotiririka taratibu kutoka nyuma kwenda mbele. Mashine ya kuoshea yenye nguvu hulaza mapezi, na maji ya visima vingi vya mjini yana chumvi ile ile unayojaribu kuiondoa. Kila unapobadilisha oili, pitisha vidole kwenye urefu wote wa mipira, hasa pale inapoingia kwenye vibano, na ukihisi uvimbe, ulaini usiokuwepo au nyuzi zilizokatika, badilisha mipira yote miwili kwa pamoja.